Bibi harusi ataka pembe zetu zipakwe rangi ya dhahabu

Kwako mshauri,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Langoni hapa Lamu, na nimo katika kikundi cha wanawake wapigao vugo. Mtoto wa ndugu yangu aolewa Mfungo Saba, mwezi ufuatao ule wa Maulidi, inshallah, na jinsi alivyoipanga harusi yake imenitia kati: huku damu yangu, huku wenzangu wa kikundi. Jibu latakiwa kabla ya Maulidi, nami kila nikilala na wazo hili naamka na jingine.

Kwa wasomaji wa bara ambao huenda hawajaiona, vugo ni ngoma ya wanawake ya harusini. Twasimama safu mbili tumeelekeana, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti cha kuigongea. Mwimbishaji atoa ubeti, sisi twaitikia na kugonga kwa pamoja, na mwendo wazidi kadiri wimbo unavyochemka. Beti nyingine ni za kumsifu bibi harusi na ukoo wake, nyingine za kumfunda, na nyingine, hizo ndizo zinazopendwa zaidi, ni za kuwachokoza upande wa bwana harusi: mahari yao, ubahili wao, mama mkwe mwenye ulimi. Nao hujibu. Mtu aweza kutoka hapo na ubeti ukamfuata mtaani mwaka mzima.

Pembe zenyewe ni za urithi. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka 1977 hakuna pa kupata nyingine, kwa hivyo pembe ikipasuka twaifunga waya, na mwenyewe akifa yabaki kwa binti yake au kwa kikundi. Yangu ilikuwa ya nyanya yangu.

Wala hatukuwa watu wa kulipwa. Ukinipigia pembe kwa binti yangu, nami nitakupigia kwa wako. Asiyekwenda kwa mwenziwe siku yake itamjia aone ukumbi mtupu. Pesa za tuzo wanazotutunza wageni zaingia mfuko wa kikundi, tukanunulia leso za sare au tukamsaidia mwenzetu aliyefiwa. Kisha twakaa na wenye harusi kwenye sinia moja la pilau, maana ndio sisi sisi.

Sasa huyu binti afanya kazi Mombasa, na harusi ameipanga kwa mtindo wa huko. Usiku wa kupamba hautakuwa nyumbani bali kwenye ukumbi wa hoteli. Yuko dijei, mwanamke, ashukuriwe Mungu. Yuko mshereheshaji, yuko mpambaji wa jukwaa na mashine yake ya moshi, yuko mpiga video. Spika zitakuja kwa basi hadi Mokowe, zivushwe kwa mashua, na kutoka gatini zipande punda kama mchanga wa ujenzi. Hilo la punda peke yake natamani kuliona.

Ratiba tumeletewa kwa WhatsApp. Nainukuu: "Saa 3:20 usiku, bibi harusi aingia, pembe, dakika 4. Saa 3:24, dijei." Chini yake kuna masharti. Tuvae magauni ya rangi moja, si leso. Beti zichaguliwe mapema, zitumwe zisomwe, na za uchokozi zisiwepo kwa sababu wageni wa bwana harusi wengine watoka Nairobi na hawatazielewa, au watazielewa vibaya. Pembe zipakwe rangi ya dhahabu ilingane na jukwaa. Na mwisho kabisa: "Chakula cha kikundi kitafungwa."

Mshauri, hayo ya rangi nilicheka. Nilimpigia simu nikamwambia, mwanangu, pembe ikipakwa rangi sauti yake yafa, na rangi haitatoka tena. Akaniambia, "Shangazi, sauti si tatizo, dijei ataweka maikrofoni." Lakini hili la chakula kufungwa lilinichoma. Mimi shangazi yake, niliyemwogesha akiwa mchanga, nipite mlango wa nyuma na kifurushi cha pilau pamoja na wabeba spika? Wifi yangu asema halikukusudiwa hivyo, kwamba mpangaji wa shughuli ndiye aliyeandika kwa kila anayelipwa. Huenda. Lakini hapo ndipo nilipoona tumewekwa wapi.

Maana tunalipwa kweli. Ndugu yangu alituma pesa kwa M-Pesa kabla hata hatujakubali, na si kidogo. Kikundi kimegawanyika papo hapo. Mkubwa wetu, mwimbishaji, hataki kusikia. Asema siwa, lile baragumu kubwa la heshima, nayo ilikuwa ikipulizwa kwenye harusi za wakubwa, leo iko makumbusho, watu wanunua tikiti kuitazama, na hii ya dakika nne ndiyo njia yetu ya kuelekea huko huko. Wenye umri mdogo wamjibu kwamba kwenye tamasha la utamaduni twapiga mbele ya kamera za wageni na hakuna anayelalamika, na wanaume wachezao kirumbizi na goma wafanya vivyo hivyo. Kwa nini kwa wageni iwe halali na kwa binti yetu iwe nongwa? Mmoja wao ana mtoto anayedaiwa karo ya shule. Siwezi kumwambia pesa hizo ni haramu.

Na mimi mwenyewe sitaki kujifanya kwamba zamani kulikuwa kumetulia. Mama yangu alinuna taarabu ilipoanza kuzipiku ngoma majumbani, akasema watu sasa waja harusini kukaa kitini na kusikiliza wengine. Sisi tulioipenda hiyo taarabu, tuliokesha na sauti ya udi wa marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji mwana wa Lamu aliyetutoka mwaka 2016, tukaja kununa kinanda cha umeme kilipowatoa kazini wapigaji wa udi na fidla. Sasa kinanda nacho kimetolewa na tarakilishi ya dijei. Kila kizazi na manung'uniko yake, najua.

Ila kuna jambo moja ambalo halikuwapo wakati wa mama yangu, nalo ni simu. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yetu. Mabuibui yawekwa mlangoni, watu wamejipamba, wanacheza watakavyo, na ndiyo maana uchokozi wa vugo una ladha, kwa kuwa yaishia mule mule. Juzi juzi hapa mtaani kipande cha video cha harusi ya watu kilitoka kikazunguka, na ndani yake mna mke wa mtu anacheza chakacha kichwa wazi. Mumewe alikiona akiwa barazani na wenziwe. Nisiseme zaidi. Tangu siku hiyo wenzetu kadhaa wamekatazwa kabisa kwenda penye kamera, na bila wao safu moja yabaki na mapengo.

Nilimweleza binti. Hakuwa na kiburi, nisimsingizie. Alisema mpiga video ni mwanamke, na kwamba dada yake aliye Muscat hakupata ruhusa kazini na ataitazama harusi kwa simu, moja kwa moja. Nilinyamaza, kwa sababu yule wa Muscat nampenda pia na ndiye aliyelipia nusu ya ukumbi. Mwanangu wa kiume aniambia ipo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data, na mwenye biashara ya video hawezi kutumia sura yako kujitangaza bila idhini yako. Vizuri. Lakini nani atamshtaki mpiga video wa harusi ya mtoto wa ndugu yake?

Nilitoa shauri langu: vugo lipigwe jioni ya hina, nyumbani, tutoke tupite vichochoroni kama desturi hadi Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, na kurudi, tumejistiri na mabuibui yetu, na anayetaka kupiga picha apige. Ndani ya ua simu ziwekwe kapuni na beti ziachiwe huru. Ukumbini wafanye watakavyo na dijei wao. Binti akasema wageni wengi watafika kesho yake mchana, hawataona kitu, na bila pembe kuingia kwake ukumbini kutakuwa "kama kwa mtu yeyote". Maneno hayo yalinilainisha. Kumbe azitaka kweli, tatizo ni kwamba azitaka kwa dakika nne.

Kwa hivyo nauliza, na nitashukuru kusikia pia kutoka kwa wasomaji wa Malindi na Mombasa waliokwisha pitia haya. Je, nikubali kuingia ukumbini kwa sharti la leso zetu, pembe bila rangi na kamera kutugeuzia mgongo, hata kama nitakwenda na nusu ya kikundi? Mkubwa wetu nimwendee vipi, maana ameapa kwamba nikikubali ataondoka na pembe zake, na pembe zake ndizo zenye sauti nzuri kuliko zote? Na pesa za ndugu yangu, ambazo bado ziko kwenye simu yangu sijazigusa: nizirudishe kwanza ndipo tuzungumze kama shangazi na mtoto wake, au kurudisha kutaonekana nimesusa harusi?

Wasalaam,
Shangazi wa bibi harusi,
Langoni, Lamu