Mama anakuja kwenu Ijumaa

Lubumbashi, Jumapili jioni

Clarisse wangu,

Jambo sana. Sisi tuko, watoto wazima, umeme unakuja ukitaka. Najua nimenyamaza tangu matanga ya Tonton Kalenga. Utanitukana siku nyingine, leo nina haraka.

Mama anakuja Kinshasa Ijumaa, kwa ile operesheni ya jicho. Ndeke inatoka hapa, uwanja wa Luano, 13:00, na tikiti inasema kufika kwenu, uwanja wa N'djili, ni 14:15. Sasa Gustave amekwisha kutangazia watu wote, na wewe pia nasikia, kwamba safari ni saa moja na robo, kama kwenda Likasi. Usimsikilize! 13:00 ni ya kwetu, 14:15 ni ya kwenu, na ninyi mko nyuma yetu saa moja nzima. Mama atakaa juu saa mbili na robo. Kutoka hapa hadi kwenu, hata ukinyoosha kamba, ni karibu kilomita 1,570. Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko ninyi, na ile ni nchi ya watu! Ndeke inakimbia kilomita kama 800 kwa saa, halafu kuna kupanda na kushuka. Na wakiamua kupitia kwanza Mbuji-Mayi... tuache hiyo.

Nasisitiza kwa sababu Mama hajapanda ndeke hata siku moja. Gustave amemwambia saa moja. Ikipita saa moja wakiwa bado mawinguni, unamjua, ataanza kuomba kwa sauti na kuwaombesha jirani zake. Nimemwambia asali rozari nzima, polepole, akimaliza aanze tena. Akaniuliza kama treni haipo. Baba yake, mtu wa reli, enzi zake walipanda treni mpaka Ilebo, halafu meli kwenye mto Kasai mpaka Kinshasa. Nikamjibu kwa njia ile jicho litapona lenyewe kabla hajafika. Hakucheka.

Saa yake ya mkononi hataigeuza, nakuambia mapema. Dawa zake za tansio, ya presha, anameza 19:00 ya hapa, kwenu ni 18:00, basi mpe kwa saa yake. Na huku anaamka 5:00 kuimba nyimbo za kanisa. Hesabu mwenyewe ni ngapi kwenu. Pole kwa bwana yako.

Anabeba unga wa bukari, ugali wetu wa mahindi, fufu yenu ya muhogo haiamini. Vinkubala, vile viwavi vya kula, ni vyako, nimevinunua mwenyewe soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Usikubali avipeleke kwa daktari.

Tikiti ya kurudi itaonyesha zaidi ya saa tatu, na Gustave atasema rubani alipotea njia. Umwache.

Sasa niambie: Ijumaa unatoka kazini saa ngapi? Boulevard Lumumba mchana inapitika, au utoke mapema zaidi? Dédé bado ana ile gari? Mama atalala chini, au kuna ngazi? Yaya Béa anajua kwamba anakuja, ama bado hamsemeshani? Na ile kesi ya nyumba, mwenye nyumba alisema nini mwishoni? Unijibu kabla ya Jumatano, tafadhali, nisije nikampigia Gustave.

Wako,
Odette