Gemu la kutisha halihitaji bibi mchawi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi niko Uyole hapa Mbeya, naongoza timu ndogo inayotengeneza gemu la kutisha la kwenye simu, yale ambayo mchezaji hana nguvu, tochi inaisha chaji, na kazi yake ni kutoka salama tu. Kuna jambo nataka kuwaambia vijana wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaotengeneza magemu, na wazazi nao wasome.

Tukikaa kupanga adui, wa kwanza kutajwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake pembeni ya kijiji. Kwetu alitajwa, mchoraji akamchora kabisa na akamchora vizuri, mimi nikasema haingii. Ubishi ukawa mkubwa, wengine wanasema jamani hii si stori tu. Sio stori. Nchi hii wapo bibi zetu waliokatwa mapanga kwa macho hayohayo mekundu, ambayo ni moshi wa kuni wa miaka yote jikoni, na mtoto anayemkimbia bibi kwenye simu usiku, asubuhi anakutana na bibi wa kweli anateremka na mzigo wa kuni Igawilo, sasa atamwonaje? Mimi sitaki mkono wangu uwepo kwenye hilo.

Na hata kikazi, bibi yule ni njia ya mkato. Woga wa magemu haya unatoka kwenye uhaba na kutokuona mbele. Gemu la Resident Evil la 1996, ili usevu, yaani uhifadhi pale ulipofika, ulitakiwa uwe na utepe wa wino wa taipureta, na tepe zenyewe ni za kuhesabu, kwa hiyo hata kusevu unajiuliza nisevu sasa au nivumilie. Silent Hill ya 1999, mashine yake ya kuchezea, PlayStation, haikuwa na uwezo wa kuonyesha mji mzima kwa mbali, wakaujaza ukungu na giza, na ukungu ule ndo ukawa gemu lenyewe. Amnesia ya 2010 kutoka Uswidi haina silaha kabisa, una taa na mafuta yake yanaisha.

Sisi ukungu tunao, anayepita Isyonje kwenda Tukuyu msimu wa mvua anajua. Kwenye gemu letu ukungu unafunika kila kitu kilicho mbele kidogo, kwa hiyo hata simu ya bei ya chini inacheza bila kukwama, na adui tumemfanya sauti tu, tumemjengea mlio kutoka kwenye milio ya msitu wa Rungwe, ule msitu ambao wanasayansi wamekuja kumjua kima anayeitwa kipunji mwaka 2003 tu wakati wawindaji wa pale walikuwa wanamjua siku zote. Unasikia mlio, hujui ni mnyama au ni nini, na tochi ndo hiyo inafifia.

Mchoraji aliumia kazi yake kukataliwa, na nilimwelewa. Nikamwambia Capcom, kampuni inayotengeneza Resident Evil, walishafika mbali sana na Resident Evil 2, wakaitupa wakaanza upya, ikatoka 1998. Kiongozi wa timu lazima aweze kusema hapana mapema, kabla programu haijaandikwa juu ya kitu kibovu, afu amtafutie mwenzake kazi nyingine ya maana. Bibi amebaki, ila sasa jiko lake lenye moshi ndo sehemu pekee salama, pale unasevu, pale unapata mafuta ya taa, na mchoraji mwenyewe ndo aliyelitaka jiko hilo.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa mashindano ya teknolojia ya vijana, Mbeya, Iringa na Njombe, gemu la kutisha likiletwa mbele yenu msiangalie grafiksi peke yake, muulizeni kijana adui wake ni nani na kwa nini. Na kama ni bibi kizee, mrudishieni akalifanyie kazi tena kabla hamjampa zawadi.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya