Njiwa aliyeachiwa zamu mbili

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mama yako alinipigia usiku akanieleza yaliyompata Lulu, njiwa wako jike. Alipokupa simu ukakataa kuongea, na sikukulaumu. Mtu akiwa na donge kooni, simu haimsaidii. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa hapa Moroto anayerudi Bombo kwa likizo, na amebeba pia mfuko wa mtama mwekundu wa huku Karamoja. Mtama huo ni wa Sultani, dume wa Lulu aliyebaki na vifaranga wao wawili. Usimwache nyanya yako akausagisha uji.

Kwanza tumalize hili la nani kamchukua Lulu. Mama yako anasema ni kamunye, yaani mwewe, mimi nina shaka. Kamunye ni mwizi wa vifaranga vya kuku na utumbo wa buchani. Kumdaka njiwa mzima anayeruka ni kazi ya kipanga. Jambo hili lina uzito kwako, kwa sababu kipanga akipata windo mahali hupakumbuka, na njiwa anayeruka peke yake ni rahisi kumlenga kuliko aliye ndani ya kundi. Kwa hiyo Sultani asitoke kwa sasa. Ziba mlango wa banda kwa wavu wa kuku, chakula na maji yawe humo humo ndani.

Sasa Sultani mwenyewe. Nimeambiwa kila ikikaribia adhana ya alasiri anasimama ukingoni mwa sanduku na kuita mpaka sauti inakwaruza, nawe unatoka uani usimsikie. Sikiliza, baba. Njiwa hulea kwa zamu. Dume hulalia mchana, tangu saa tatu au nne asubuhi hadi alasiri. Jike hushika jioni na kukaa usiku kucha mpaka asubuhi tena. Saa kumi ndiyo saa Lulu aliyokuwa akija kumpokea. Mimi nimeshakaa lindoni nikimngoja wa kunipokea, na asije, najua jinsi macho yanavyoganda njiani. Sultani anaita apokewe. Huzuni yake usiipime kwa yako, lakini usidhani ni kelele tu.

Ukishaelewa hilo utaona hatari iko wapi. Zamu ya usiku haina mwenyewe. Sultani anaweza kuwalalia vizuri mchana kutwa, kisha jua likizama akaruka kwenda kijitini kwake kama alivyozoea, akawaacha vifaranga wazi. Wana kama wiki moja tu. Macho yamefunguka lakini manyoya bado ni miba mitupu, na kwa mvua hizi hawatafika asubuhi. Zamu hiyo ni yako. Baada ya magharibi chungulia bila taa kali. Ukimkuta amewalalia, mwache, usimguse. Ukikuta ameondoka, watie vifaranga katika kikapu chenye kitambaa kikavu, weka kando yao chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, halafu kikapu kikae jikoni mbali na paka. Alfajiri, ukishaswali, warudishe kwenye sanduku kabla Sultani hajashuka. Atawapokea. Usiamini wanaosema njiwa hukataa vifaranga vilivyoshikwa na mkono wa mtu. Wafugaji huwashika kila siku. Manyoya yakishawafunika mwili, kikapu hakitahitajika tena.

Kuhusu chakula, hapa tuna bahati. Njiwa dume naye hutoa yale maziwa mazito yanayotoka kwenye gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, sawasawa na jike, na siku za mwanzo kifaranga hali kitu kingine. Lulu ameondoka siku hizo zikiwa zimepita. Sasa wameanza kulishwa nafaka iliyolainika, na dume mmoja anaweza kuwakuza wawili iwapo naye anakula. Kila jioni gusa magole yao polepole kwa kidole. Likijaa, lala usingizi. Likiwa tupu, chemsha njegere kidogo zilainike, ziache ziwe vuguvugu, ufungue mdomo wa kifaranga na kumtilia moja moja, akimeza ndipo umpe nyingine. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye pumzi na utamuua kwa huruma.

Sultani naye umwekee mahindi yaliyovunjwa, choroko, ulezi na mtama wangu, pamoja na changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyopondwa. Maji yawe na kina, kwa kuwa njiwa huzamisha mdomo na kufyonza, hanywi kwa kuinua kichwa kama kuku. Ukiona anachambua chakula bila kumeza, usipige kelele. Kaa naye chini, punje mkononi, bila kumsemesha sana. Kumbuka njiwa hula wakiona wenzao wanadonoa, kwa hiyo hata kidole chako kikigonga-gonga punje sakafuni kinaweza kumwita.

Mshike mara moja moja upapase mfupa wa kidari. Ukikuta umechongoka kuliko juzi, anakonda. Kuita, kuzungukazunguka, kukaa penye nafasi ya mwenzake, hayo mwachie ayamalize mwenyewe. Lakini akijivimbisha manyoya mchana na kufumba macho, kinyesi kikawa kijani cha majimaji, au shingo ikaanza kupinda, hayo si majonzi tena, ni ugonjwa. Kideri huanza hivyo, na ndege huficha maradhi hadi yamemzidi. Mwambie mama yako amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Na baada ya hapo usiingie kwenye kuku wa nyanya bila kunawa na kubadilisha viatu.

Jirani amekushauri uweke kioo. Si upuuzi. Njiwa jike aliye peke yake akijiona kwenye kioo anaweza hata kutaga, jinsi anavyoamini amepata mwenzake. Sultani anaweza kutulia mbele yake. Mimi lakini sikipendi wakati huu, maana atakaa akimwimbia huyo wa kiooni huku vifaranga wanalia njaa. Weka redio ya nyanya karibu na banda, sauti ya chini, inatosha.

Ombi lako la pesa ya kununua jike mwingine kesho nimelikataa, na nakueleza sababu ili usinune. Jike mzima sokoni mara nyingi ametolewa kwa dume wake, kwa hiyo utakuwa umetengeneza Sultani mwingine kwenye banda la mtu. Halafu siku utakayomfungulia ataruka moja kwa moja kurudi alikotoka, hata kama ni mbali, na pesa yako itakuwa imeruka naye. Pia jike mgeni huenda asiwavumilie vifaranga wasio wake. Anaweza kuwadonoa vichwa mpaka wafe.

Subiri hawa wawili wajue kula wenyewe, hiyo ni kama mwezi mmoja kutoka sasa. Hapo tutatafuta njiwa mchanga ambaye hajaanza kuruka mbali wala hajaoana. Tutamweka peke yake mbali na banda wiki tatu au nne tuone kama ana ugonjwa, kisha tutawaweka jirani na wavu katikati, waonane bila kufikiana. Sultani akivimbisha shingo, akazunguka akiburuta mkia, anataka. Jike akimtia mdomo mdomoni, amekubali. Damu ikitoka, tunawatenganisha na kuanza upya. Mchanga huyo atahitaji kama nusu mwaka kukomaa, na itakuwa sawa, kwani Sultani atakuwa na watoto wake bandani kumpunguzia upweke. Ila usije ukamwacha akaoana na bintiye.

Nyanya amekuambia mwanamume halii kwa ajili ya ndege. Namheshimu mama yangu sana. Muulize tu, kwa adabu, nani alikataa kula siku mbuzi wake mweusi alipoibwa.

Pesa ya wavu nimemtumia mama yako kwenye simu. Nunua ule wa matundu madogo, kanu na panya wasipite, na upigilie misumari hata upande wa chini. Ijumaa nitapanda pale kilimani penye mtandao baada ya swala. Safari hii pokea simu, unieleze magole yakoje na kama Sultani amelala na wanawe au kijitini.

Baba yako