Ukurasa wa bei kumi na nne

Mwanza, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na mtoto ameanza kusimama dede.

Uliniuliza kama bado naandika JavaScript, lugha ya programu za kurasa za tovuti, au nimehamia lugha mpya wanayoisifu vijana. Ngoja kwanza nikusimulie kilichonipata.

Nilimjengea mteja mmoja, muuza pembejeo, tovuti ya bei za mbegu na mbolea. Nilirundika maktaba juu ya maktaba, yaani programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, na kwenye kompyuta yangu ikawaka vizuri mno. Siku ya kukabidhi, dukani alikuwepo mama mkulima kutoka Magu, mwenye duka akamwomba aifungue kwa simu yake. Kioo kilikuwa na ufa, bando ni la siku. Ukurasa ukabaki mweupe, kiduara kinazunguka tu. Mama akaipangusa simu kwa upindo wa kanga, akasubiri, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii inakula bando?"

Nilikosa jibu. Usiku nikapima: megabaiti 3 na ushee, ili kuonyesha bei kumi na nne!

Lugha siilaumu. Brendan Eich aliiunda JavaScript kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, iwe ya kazi ndogo ndogo ndani ya ukurasa. Sisi tumeibebesha ukurasa mzima. Simu inapakua programu, inaisoma, inaiendesha, ndipo herufi ya kwanza ionekane. Kwa simu ya bei ndogo, hata mtandao ukiwa mzuri, kazi hiyo ni nzito.

Unakumbuka left-pad, ile programu ndogo ya JavaScript, Machi 2016? Mistari 11, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa maneno. Aliyeiandika alipoiondoa npm, ghala la mtandaoni ambako watu huchukua programu kama hizo, programu za watu wengi zikagoma kujengwa, hata za wasiojua kama wanaitumia. Juzi nilifungua folda ya mradi wangu nikakuta vifurushi vya programu za watu wengine ambavyo hata majina yake sijawahi kuyasoma. Iliniuma.

Basi tovuti ya bei nikaiandika upya kwa PHP, lugha ya zamani inayofanya kazi kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti. Seva inapanga bei zote, inatuma HTML iliyokamilika, yaani ukurasa wenyewe tayari kusomwa. JavaScript imebaki kwenye kujumlisha bei za mifuko tu, na isipofika, fomu ya kuagiza inafanya kazi vilevile. Kilobaiti 38. Kijana mmoja ofisini akasema hiyo ni lugha ya wazee. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alioutengeneza CERN, kituo cha utafiti wa fizikia: HTML yake bado inasomeka kwenye kivinjari cha leo. Mradi wangu mwenyewe wa 2016 nimejaribu kuuwasha mwaka jana, umekataa kabisa.

Tabia nyingine niliyoanza: majina ndani ya programu nayaandika kwa Kiswahili, bei_ya_mfuko badala ya x2, ili atakayeirithi asinipigie simu usiku.

Na nimenunua simu kuukuu, iko mezani karibu na chaji. Siku hizi sisemi kazi imekwisha kabla ya kuzima waifai na kuufungua ukurasa kwa simu hiyo, huku nahesabu sekunde.

Ule mradi wako wa matokeo ya shule umefikia wapi? Nitumie anwani yake niujaribu kwa simu hii kuukuu, nikuambie bila kukuficha.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, ndugu yako