Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili: ramani ya bonde la Kilombero isipigwe tena kiangazi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mi ni mkulima wa mpunga, na mpunga ukishatoka shambani navua kidogo na mjomba wangu. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara, ukishavuka daraja. Sijawahi kumwandikia kiongozi yeyote, hata diwani, ila huku tunasikia tena kuna wataalamu watakuja kupima bonde upya, sijui kuhakiki mipaka, sijui kutathmini thamani ya ardhi oevu, nikasema ngoja niseme mapema kabla hawajafika, maana wakishafika na kusaini kitabu cha wageni pale ofisi ya kijiji inakuwa imeisha hiyo, unaitwa kwenye mkutano unaonyeshwa ramani ambayo imeshachorwa.

Nina ombi moja tu. Wasije Septemba.

Naomba nieleze kwa nini, nisamehe nikirefusha.

Miaka kadhaa nyuma nilipata kibarua kwa timu moja ya wapimaji, siitaji ilikuwa ya nani na wala sina ugomvi nao, walikuwa vijana wazuri na hela yangu walilipa. Kazi yangu kubeba dumu la maji, nondo na simenti ya kupandia bikoni. Wao wana GPS, wana tableti, wana picha ya satelaiti imechapishwa kubwa kama kanga. Tukafika sehemu moja mi naijua tangu mtoto, nyasi zimekauka, udongo umepasuka mipasuko ambayo mguu unazama mpaka kifundo. Mmoja akaniuliza, hapa pana maji? Nikamwambia mwezi huu hapana. Akaandika. Nikachungulia, kaandika nyasi, pakavu, ndege 3. Ilikuwa saa saba mchana jua linachoma, hao ndege 3 nao sijui walikuwa wanatafuta nini. Nikamwambia kaka hapa Aprili mjomba wangu anapita na mtumbwi na kuna mahali pondo haigusi chini, akanijibu kistaarabu tu, sisi tunaandika tunachokiona.

Sasa Mheshimiwa, pale palipoandikwa pakavu ndo kambale wanapotagia. Mvua zikishakolea mto unajaa, maji yanatoka mtoni yanatambaa kwenye mbuga, na kambale nao wanapanda na yale maji mapya wanaingia kwenye majani machanga yaliyofunikwa, kina cha goti tu, wanataga huko. Watoto wanakulia humo humo, chakula kibao, samaki wakubwa hawafiki. Maji yakianza kurudi nao wanarudi mtoni, wengine wanabaki kwenye madimbwi, na hayo madimbwi kila moja lina jina na wazee wanajua lipi linakauka Julai na lipi linafika hadi mvua nyingine. Hakuna hata jina moja kati ya hayo kwenye ile picha kubwa kama kanga. Na nimeambiwa, na mtu aliyesoma, kwamba vigezo vya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, viko 9 na kimojawapo kinasema wazi kabisa eneo likiwa ni mazalia na makulio ya samaki linahesabika kuwa na umuhimu wa kimataifa. Yani tunacho kigezo, samaki tunao, ila tulipima mwezi ambao samaki hayupo.

Kwa nini Septemba basi? Nililiuliza hilo siku ile ile wakati wa kula. Jibu ni mawingu. Satelaiti nyingi zinapiga picha kama kamera ya kawaida, na huku masika mbingu imefunga wiki hata wiki, kwahiyo ukifungua picha za Machi na Aprili unaona pamba tupu. Mtu akitaka picha safi anaenda kiangazi. Afu na barabara, gari haipiti masika, na mtu wa mjini hataki kushuka kwenye matope. Kwahiyo ramani nyingi za bonde letu ni ramani za kiangazi na hakunaga mtu anayeandika hivyo pembeni kwa herufi kubwa.

Ila teknolojia ipo saivi. Kuna satelaiti za rada ambazo hazijali wingu wala usiku, zile Sentinel-1 za Ulaya zinapita tangu 2014 na data zake ni bure, mtu yeyote mwenye laptopu na bando anapakua. Unachukua picha za mwezi kwa mwezi, miaka kadhaa, unaona kabisa maji yanapofika na yanakaa siku ngapi. Najua haitoshi yenyewe, kwenye mafunjo na matete marefu rada inachanganya mambo, haikuambii moja kwa moja kama chini kuna maji au hakuna, ndo hapo sasa unamhitaji mtu aliye ndani ya mtumbwi aseme hapa maji yapo, hapa kina kiuno, hapa ni matope. Rada na mjomba. Mmoja akikosekana kati ya hao wawili ramani haijakamilika, na mjomba ni wa bei rahisi zaidi.

Nirudi kwenye namba. Bonde letu liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, la tatu kwa Tanzania baada ya Malagarasi-Muyovozi na Natron, na ukubwa wake umeandikwa hekta 796,735. Mi kila nikiisoma hiyo 5 ya mwisho nacheka. Nani aliihesabu? Maji ya huku ukingo wake unasogea kilomita kadhaa kati ya Desemba na Aprili, mwaka wa mvua kubwa na mwaka wa ukame havifanani hata kidogo, sisi tunapewa hekta mpaka ya mwisho kama vile ni kiwanja cha mpira. Sisemi namba ni mbaya, ramani lazima iwe na mstari. Ila mstari wa ardhi oevu ungekuwa miwili au mitatu, huu wa maji ya kila mwaka, huu wa maji ya miaka mikubwa, huu wa pasipokauka kabisa kama kule Kibasira. Ukichora mmoja tu lazima umdhulumu mtu, au mkulima au samaki.

Na ile sheria ya mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, sawa, sheria nzuri, mi naiunga mkono. Ila mto wa huku unahama Mheshimiwa. Unajikata unafungua mkondo mwingine, mkondo wa zamani unabaki ziwa dogo lililopinda kama mundu. Kuna bikoni ilipandwa ukingoni kwa heshima zote, mwenyekiti alikuwepo, baada ya masika mbili ipo upande wa pili wa maji. Sasa mita 60 kutoka wapi? Kwa mto wa Septemba au wa Aprili? Ukipima kwa mto wa Aprili kuna vitongoji vizima viko ndani ya maji kisheria, na ukipima kwa wa Septemba mtu analima mazalia ya samaki na karatasi anayo mkononi.

Labda utasema huyu anatetea shamba lake. Ndiyo, natetea, ila sio shamba peke yake. Nilipokuwa mdogo sheshe tulikuwa tunawaona makundi, ni jamii ya swala anayekaa kandokando ya maji tu, na ilikuwa inaandikwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani wako Kilombero. Wanangu hawajawahi kumwona hata mmoja. Tumewamaliza sisi, kwa kulima, kwa ng'ombe walioingia wengi kuliko majani, kwa mitego, na wengine wetu tulikula nyama tukanyamaza, sitaki kujifanya msafi hapa. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, wafugaji wakatolewa, wengine wakarudi. Afu kuna yule kwera wa Kilombero, kale kandege ka njano kanakojenga kwenye matete, wanasayansi walikaandika rasmi kwa mara ya kwanza 1990, hakapo nchi nyingine yoyote, ni hapa tu, na kiota chake kiko kwenye matete ambayo kiangazi tunachoma moto. Ukija Septemba unakuta majivu. Utatathmini nini kwenye majivu?

Mheshimiwa naomba nikukumbushe korongo la mto Kihansi, maana ni jirani yetu kabisa, maji yake yanaingia humu humu bondeni. Watu wanafanyaga utani na vyura wa Kihansi, eti hela zote zile kwa chura wa ukubwa wa kucha, ila angalia kilichotokea. Ile ilikuwa ardhi oevu ndogo mno, hekta chache za majani yanayolowa kwa mvuke wa maporomoko, kwenye ramani ya nchi ni doa la kalamu. Chura mwenyewe, anayezaa watoto badala ya kutaga, aligunduliwa 1996 wakati ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Maji yakachepushwa, mvuke ukakata, ikabidi 2000 wachukuliwe kama 500 hivi wapelekwe kwenye bustani za wanyama Marekani, yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji bandia kule korongoni, na bado 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Baadaye ndo wakaanza kurudishwa. Hebu piga hesabu ya gharama yote hiyo, halafu linganisha na gharama ya kumtuma mtu mmoja na daftari akae kule msimu mzima kabla trekta halijawashwa.

Na bwawa la saivi ni kubwa kuliko Kihansi mara ngapi sijui. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwetu huku Kilombero. Wakati wa masika hii mbuga ndo inayapokea maji, inayashika, inayaachia polepole. Kwahiyo hata wizara ya umeme ina shida na ramani yetu, sio nyie wa wanyama tu. Ile safu ya thamani kwenye fomu za wapimaji nimeiona, kuna ndege, kuna wanyama, kuna mimea adimu. Kushika maji sikuiona. Samaki aliyeko sokoni Ifakara sikumwona. Majani ya paa, udongo wa kufinyangia vyungu, sikuviona. Inawezekana viko kwenye fomu nyingine, ila mi nilibeba mizigo siku 11 na fomu ilikuwa hiyo hiyo.

Na mtu anayefikiri ramani ikikosea anaumia sheshe tu hajaishi huku. Pori tengefu la mwanzo liliwekwa enzi za mkoloni, mwaka 1952, watu waliishi ndani yake na kulima, mpaka Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ilipokuja kukataza kulima na kuchunga humo, ndo watu wakaanza kuuliza mstari uko wapi hasa. Saivi limepandishwa kuwa Pori la Akiba. Mtu mwenye jaruba lake alilolima miaka 20 akaambiwa uko ndani, anataka kujua kwanini ndani iko hapa na sio pale. Ukimwonyesha kwamba hapa maji yanakaa miezi minne na samaki wanazaa, akaona na jina la dimbwi analolijua, atakasirika lakini ataelewa. Ukimwonyesha picha ya kiangazi ambayo shamba lake na mbuga ya jirani vina rangi ile ile ya kahawia, unategemea aseme nini?

Mjomba wangu alipoambiwa ardhi oevu alimuuliza yule kijana, ndo nini hiyo? Akaelezwa, akasema aah, mbugani. Basi. Angeulizwa mapema angewachorea na kijiti kwenye vumbi.

Kwahiyo kama kweli wanakuja, naomba waje mara mbili, waje kiangazi wakipenda lakini na Machi mwishoni au Aprili lazima, wakae, sio siku mbili za semina Ifakara mjini. Wakae na wavuvi, na wale kina mama wanaovua kwa migono kwenye madimbwi, na wafugaji pia, maana Wasukuma wanajua malisho yanaota wapi maji yakitoka kuliko mtu yeyote. Ramani ikiisha ibandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, iwe na tarehe ya picha. Hiyo tarehe tu ingetusaidia sana.

Ukipenda kuja mwenyewe karibu, nasema kweli. Kutoka Ifakara vuka daraja, gari iache barabarani, kutoka hapo ni bodaboda mpaka maji yanapoanza, na Aprili yanaanza karibu. Mtumbwi wa mjomba unabeba wanne na mpiga pondo, kwahiyo mlinzi mmoja anatosha. Buti uje nazo, za mjomba zimetoboka. Tukitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne tunakuwa tumefika pale palipoandikwa pakavu.

Wako,
Mkulima na mvuvi, bonde la Kilombero