Ile nakala ya baba bado ipo?

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Nasra,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida yake mvua zikianza, lakini juzi alikwenda mwenyewe Mgandini na kapu lake. Najua nimekuwa kimya tangu msiba wa Ba'mkubwa, na ukininunia una haki. Ila ninunie baadaye, leo nina shida na wa kunitoa ni wewe tu.

Zile kurasa za blogu yangu ulizomchapishia baba yako stesheneri, zikatiwa waya ubavuni, unazo bado?

Nilikuwa Dar wiki iliyopita. Kulikuwa na kongamano la siku mbili kuhusu blogu na zilichobadilisha katika jamii, na mtu mmoja akakumbuka kwamba na mimi zamani niliendeleza libeneke, yaani niliandika blogu, basi nikaalikwa. Kiyoyozi kilitutesa, nimekaa ukumbini na kanga mbili mabegani. Lakini nimefurahi, nisikufiche. Walizungumzia Jikomboe, blogu ya Ndesanjo Macha, iliyotutoa wengi tongotongo kwamba Kiswahili kinaandikika kwenye intaneti. Wakamtaja Michuzi, yule mwanablogu wa picha, na wadau wake, nikakumbuka mama yako mdogo alivyokuwa akitafuta humo picha za harusi za Dar.

Kuna dada mmoja kutoka Nairobi alisimulia ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku, watu wanauawa, na mtu hajui mtaa wa pili kuna nini. Ory Okolloh akaandika kwenye blogu yake akiomba mafundi watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Wenzake wakaijenga kwa siku chache, watu wakawa wanatuma habari kwa simu za mkononi, wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye Haiti ilipopigwa na tetemeko, ramani ile ile ikatumika huko, na jina lake la Kiswahili. Ukumbi ulinyamaza, Mama Nasra. Mimi nililia kidogo.

Zamu yangu ilipofika nikasimulia ya Pangani. Yule nahodha wetu wa ng'ambo ya mto, nilivyokaa naye jioni baada ya jioni akinitajia pepo, kusi, kaskazi, matlai, na jinsi ya kuvuka mlango wa mto maji yakipwa. Nikasema na ya 2018, maana huwezi kuyaruka. Kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Milioni mbili na laki moja, kwa mtu anayeandika habari za majahazi bila kulipwa hata senti! Na wakati ule ukiandika bila leseni, faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Niliifunga blogu mwezi wa sita. Wengi tulifunga mwezi huo huo. Bado inaniuma, na niliwaambia hivyo.

Basi binti mmoja wa chuo akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo dada. Hayo mahojiano ya nahodha tunaweza kuyasoma wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipofunga niliacha kulipia anwani, na kompyuta ile ya zamani ilikufa na kila kitu ndani yake. Usiku ule kijana mmoja alinisaidia kutafuta kwenye Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za kurasa za zamani. Tulipata ukurasa wa mbele tu, kichwa cha habari na visanduku vitupu palipokuwa na picha. Nahodha mwenyewe tulimzika 2016. Nilikuwa nikisema mtandao hausahau. Unasahau, shoga yangu, na sisi tulioandika Kiswahili miaka ile sijui nani alituwekea akiba.

Ndipo nikakumbuka nakala ya baba. Na si kwamba inanifaa kwa yale niliyoandika mimi tu. Unakumbuka alivyokuwa akiisoma barazani na kalamu mkononi, kama anasahihisha madaftari? Mahali nilipoandika "upepo wa asubuhi unaotoka bara", alikata mstari mzima, akaandika pembeni kwa wino wa bluu neno moja: umande. Mimi nilikuwa nalijua kwa maana ya yale maji ya majanini tu. Kumbe mabaharia upepo ule ndio wanauita hivyo, na nahodha alinitajia nikasikia vibaya. Kurasa ngapi alizisahihisha vile? Kumi? Zaidi? Niliziona siku moja tu, na sikupiga hata picha.

Nataka kuzirudisha zote, na maneno ya baba yawemo na jina lake chini yake. Yule binti amejitolea kupiga chapa.

Sasa nijibu upesi. Ulipohamia Mtwara uliibeba, au imebaki Pangani kwenye lile kabati la chini? Kama ni lile kabati, mchwa hawakufika? Waya bado umeshika? Baba macho yake vipi siku hizi, anaweza kusoma, au nije nimsomee mimi? Atakubali nimrekodi? Nasra matokeo yametoka? Na yule fundi, alikurudishia pesa?

Usiitume kwa basi, tafadhali, hata ukimjua dereva. Ukiniambia ipo, nitaifuata mwenyewe baada ya Idi.

Wako,
Mama Salma