Chura wa Kihansi anategemea mabonde yetu

Ndugu Mhariri,

Mgawo wa umeme ukija, kituo cha umeme wa maji cha Kihansi hutajwa kwa megawati zake 180. Naomba nafasi nimtaje mwenyeji wa pale: chura wa njano asiyefika sentimita 3, ambaye makazi yake ya asili ni korongo la Kihansi tu, katika milima ya Udzungwa, duniani kote.

Nimekulia kando ya vijito vinavyoshuka kwenda Kihansi, nikiamini chura yeyote anataka dimbwi. Huyu hataki. Hatagi mayai majini, bali huzaa watoto waliokwisha kuumbika, kila mmoja kama punje ya mchele. Anachotaka ni manyunyu ya maporomoko, usiku na mchana, majani na miamba visikauke kamwe. Eneo lote lililopata manyunyu hayo lilikuwa kama hekta 2. Huku kwetu wapo wenye mashamba ya mahindi makubwa kuliko hapo.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, maporomoko yalibaki na kama sehemu moja tu ya kumi ya maji yake. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na wengi wakafa kabla walezi hawajajua namna ya kuwatunza. Korongoni yalifungwa mabomba ya kunyunyizia, na Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kwisha. Ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulionekana, na dawa za kilimo zilizoteremka na tope nazo zikashukiwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vizazi vya wale waliosalia Marekani vilirudishwa nchini mwaka 2010, vikatunzwa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Safari yote hiyo, halafu sisi huku juu tunalima vinyungu, yaani bustani za mabondeni za kiangazi, hadi kwenye jicho la chemchemi, tunapanda milingoti (mikaratusi) mabondeni na kuoshea mtoni bomba la dawa ya nyanya! Nami nimefanya hivyo miaka mingi. Najua kinyungu ndicho ada ya mtoto wakati wa kiangazi, kwa hiyo sisemi kwamba ni jambo jepesi.

Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na katika bonde letu sijaona kigingi hata kimoja. Naziomba halmashauri za Mufindi na Kilolo zije zipime, ziweke vigingi mbele ya wanakijiji, na zitupatie miche ya mivengi, miti ya asili inayotunza maji, tuipande badala ya milingoti. Wafike kabla vinyungu havijaanza kulimwa. Upande wangu nimeshaziacha mita 60, na milingoti tisa iliyokuwa pale nimeikata.

Mkulima,
Mufindi, Iringa